Foundesheni Tano, Kasoro Ileile: Kwa Nini Uso Unageuka Rangi Kufika Saa Sita Mchana

*"Nina umri wa miaka 29. Ngozi yangu ni ya maji ya kunde iliyokolea, yenye mafuta kwenye paji la uso na puani lakini kavu kuzunguka mdomo. Kila asubuhi hujipodoa kwa muda wa dakika 10 kabla ya kwenda kazini, chumbani kwangu, chini ya taa moja ya mwanga wa njano: krimu ya kujikinga na jua, foundesheni, poda ile inayoitwa isiyo na rangi, wanja na rangi ya mdomo. Nikitoka najiona nimependeza. Kufika saa sita mchana paji la uso limekuwa la rangi ya chungwa, pembeni mwa mdomo pamepauka kama nimepakwa majivu, foundesheni imekatikakatika kando ya pua, na wanja umeshuka chini ya macho. Kwenye picha za usiku, chini ya macho panaonekana peupe. Katika mwaka mmoja nimebadilisha foundesheni tano, kila moja ghali kuliko iliyotangulia, na matokeo ni yaleyale. Sasa nimeanza kutokwa na vipele vidogo kwenye taya na mashavuni, na vikipona vinaacha madoa meusi. Shangazi yangu anasema vipodozi vinaizuia ngozi kupumua, niviache kabisa na niwe nasugua uso kwa limau. Rafiki yangu naye amenipa krimu ya kuondoa madoa iliyo kwenye kopo lisilo na maandishi, bado sijaifungua. Je, tatizo ni ngozi yangu, ni foundesheni, au ni mimi nisiyejua kupaka?"*

Dada yangu, umenirahisishia kazi kwa kueleza mpangilio wako wote, kuanzia krimu ya kwanza hadi rangi ya mdomo, kwa maana wengi huniandikia jina la foundesheni pekee na kuniuliza kama ni nzuri. Kwa maelezo hayo naweza kukutoa hofu mapema: ngozi yako haina jambo la ajabu, na mikono yako haina ubovu unaozidi ule tuliokuwa nao sote tulipoanza kujipodoa. Kilichokupoteza ni namna ulivyofanya majaribio. Umebadilisha foundesheni mara tano, lakini krimu ya jua ni ileile, poda ni ileile, taa ya chumbani ni ileile na haraka ya asubuhi ni ileile. Kasoro inayojirudia juu ya foundesheni tano tofauti ni vigumu kuamini kwamba imetoka kwenye foundesheni zote tano. Ni busara zaidi kuitafuta kwenye vile ambavyo havikuguswa.

Jambo la pili ni kwamba unalihesabu kama tatizo moja, ilhali ni mawili yanayovutana. Rangi ya chungwa kwenye paji la uso na majivu kandokando ya mdomo hayana chanzo kimoja, na dawa ya hili huchochea lile. Nadhani ndiyo sababu kila ulipoongeza poda ili kuzuia mafuta, mdomo ulizidi kupauka.

Tuanze na rangi ya chungwa. Utasikia watu wakisema kwamba foundesheni imeliwa na hewa, kama tunda lililokatwa likaachwa mezani. Maelezo hayo hayatoshi. Rangi ya foundesheni hutokana hasa na oksidi za chuma, yaani nyekundu, ya njano na nyeusi, zikichanganywa na dioksidi ya titani ambayo ni nyeupe. Ile oksidi nyekundu ni kutu yenyewe, na kutu haishiki kutu mara ya pili. Kinachotokea zaidi ni mambo mawili mengine. Kwanza, maji na silikoni nyepesi (vimiminika vinavyofanya krimu iteleze) zilizokuwa zikiibeba rangi huvukia dakika chache baada ya kupaka, na rangi inayobaki hukolea. Pili, mafuta ya ngozi hupanda polepole, yakajipenyeza kati ya chembe za rangi na kuzilowesha. Chukua mchanga mkavu na uumwagie maji: mchanga ni uleule, ila umekuwa mweusi zaidi, kwa kuwa chembe zilizolowa haziutawanyi mwanga kama chembe kavu. Paji la uso na pua, ambako tezi za mafuta zimesongamana kuliko sehemu nyingi za mwili, ndipo mchanga huo unapolowa kwanza.

Maana yake ni kwamba foundesheni haichaguliwi kwa jinsi inavyoonekana inapopakwa, bali kwa jinsi itakavyokuwa saa moja baadaye. Siku usiyo na haraka, nawa uso, paka krimu yako ya jua kama kawaida na usubiri itulie. Kisha chukua foundesheni tatu kati ya zile tano ulizonazo, uchore mistari mitatu, kila mmoja upana wa ukucha, kuanzia chini ya shavu, kuvuka mfupa wa taya, hadi mwanzo wa shingo. Usijaribie nyuma ya kiganja kama tunavyofundishwa madukani, kwa sababu mkono hupigwa na jua kwa namna yake na rangi yake mara nyingi si ya usoni. Endelea na shughuli nyingine kwa saa moja. Ukirudi, shika kioo cha mkononi, simama ukilielekea dirisha, tazama; kisha geuka ulipe dirisha mgongo, utazame tena. Mstari unaopotea katika hali zote mbili, usiweze kusema unaanzia wapi, ndio wako. Usishangae ukikuta ni wa ile chupa ya kwanza uliyoitupa kabatini mwanzoni mwa mwaka.

Nimesisitiza dirisha kwa sababu taa yako imekudanganya kwa muda mrefu. Mwanga wa njano huvipa vitu vyote unjano na wekundu, hivyo foundesheni iliyozidisha rangi hizo huonekana imekaa sawa chini yake, na ziada hujitokeza unapotoka kwenye mwanga wa mchana. Wewe huwa umeshafika kazini wakati huo, na unadhani imebadilika njiani. Sehemu ya mabadiliko unayoyaona saa sita yalikuwapo tangu saa moja asubuhi, hukuyaona tu. Kama chumba hakina dirisha lenye mwanga wa kutosha, tafuta taa ya mwanga mweupe na uiweke mbele yako, usawa wa uso, si juu ya kichwa, maana taa ya juu hutengeneza vivuli chini ya macho na kukushawishi uzipake sehemu hizo kupita kiasi.

Kuna pia suala la rangi ya ndani ya ngozi, ambalo watu wengi hulichanganya na weusi au weupe. Watu wawili wanaweza kuwa na weusi uleule, mmoja akaelekea kwenye wekundu na mwingine kwenye udhahabu, na foundesheni ya mmoja ikampausha mwenzake. Ushauri wa kutazama rangi ya mishipa ya damu mkononi umeenea sana, lakini kwa ngozi iliyokolea mishipa haionekani vizuri kiasi cha kuitegemea. Mistari ya tayani itakuambia ukweli zaidi kuliko mishipa.

Sasa majivu. Kwenye uso wako kuna vyanzo vitatu vya weupe, na hakuna hata kimoja ambacho ni foundesheni yenyewe. Krimu nyingi za kujikinga na jua hutumia oksidi ya zinki au dioksidi ya titani, ambazo zote ni unga mweupe. Poda uliyoambiwa haina rangi, fungua kopo lake uitazame: ni nyeupe kama unga wa muhogo. Haina rangi kwa mtu mweupe. Chanzo cha tatu ni ngozi yenyewe kuzunguka mdomo, ambayo ikikauka huinua magamba madogo yanayoshika chembe hizo nyeupe na kuzishikilia. Hapa ule mfano wa mchanga unarudi kwa upande wa pili. Kwenye paji la uso mafuta huzilowesha chembe nyeupe zikafifia. Kwenye ngozi kavu hakuna cha kuzilowesha, hivyo zinabaki kavu na kuonekana. Mpangilio uleule wa vipodozi, juu ya ngozi mbili zilizo kwenye uso mmoja, ukakupa rangi mbili.

Na ule weupe wa kwenye picha ni ushahidi mwingine dhidi ya poda. Poda nyingi za kulainisha mwonekano zina silika, chembe ndogo mno ambazo kwa mwanga wa kawaida huficha vitundu vya ngozi, lakini mwanga mkali wa kamera ukizipiga kutoka mbele, huurudisha kwenye lenzi. Hili sikulisoma mahali, lilinifedhehesha. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimpamba bibi harusi, nikamrundikia poda ya namna hiyo chini ya macho ili konsila (krimu nzito ya kufichia madoa) isisogee, na kwenye kioo alikuwa hana mfano. Picha zilipokuja, alikuwa na alama mbili nyeupe zenye umbo la mwezi mwandamo chini ya macho katika kila picha ya usiku. Mama yake alinionyesha albamu bila kusema neno, na ule ukimya wake ulinifundisha kuliko darasa lolote. Tangu siku hiyo simwachi mtu aondoke kabla sijampiga picha moja ya mwanga wa kamera kwa simu.

Kwa hiyo jaribio lako la kwanza lisiwe foundesheni ya sita. Iweke kando poda nyeupe kwa wiki moja, na usibadilishe kitu kingine chochote. Utakapohitaji poda, tafuta iliyotiwa rangi inayokaribia ngozi yako, na uiweke kwenye paji la uso, kwenye mbavu za pua na kidogo kidevuni, kwa brashi ndogo inayobonyezwa, si brashi kubwa inayozungushwa uso mzima. Kuzunguka mdomo usiweke kabisa. Mahali hapo panahitaji losheni ya kulainisha ngozi chini ya vyote, hata kama mashavu na paji la uso hayaihitaji; hakuna sheria inayosema uso wote lazima upakwe kitu kimoja.

Krimu ya jua usiiache, bali ibadilishe baadaye, ukishamaliza jaribio la poda. Kuna zilizotiwa rangi ya ngozi, na kwa mtu anayebaki na madoa meusi baada ya vipele zina faida ambayo wengi hawaijui. Madoa hayo hayachochewi na miale isiyoonekana peke yake. Mwanga unaoonekana nao huyakoleza, hasa kwenye ngozi zenye weusi zaidi, na krimu nyingi za jua zisizo na rangi hazizuii mwanga huo vya kutosha. Oksidi za chuma, zilezile zinazoipa foundesheni rangi, husaidia kuuzuia. Ukisikia kwamba vipodozi vyote ni adui wa ngozi yenye madoa, kumbuka hilo. Hata hivyo usiitegemee foundesheni iliyoandikwa SPF, yaani kipimo cha kinga dhidi ya jua, kuwa ndiyo kinga yako: kipimo hicho hupatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi, na hakuna anayepaka foundesheni nzito namna hiyo akabaki anatazamika. Kwa uso na shingo, kiasi kinachokaribia kipimo hicho ni mistari miwili ya krimu iliyochorwa kwenye urefu wa vidole viwili, cha shahada na cha kati.

Kukatikakatika kando ya pua kuna sababu ya haraka. Krimu ya jua imetengenezwa ili ikikauka iache utando mwembamba juu ya ngozi. Ukiisugua foundesheni juu yake kabla utando haujashika, unausokota, na vinatokea vijivipande kama uchafu wa raba mwanafunzi anapofuta daftari. Hali huwa mbaya zaidi krimu ikiwa imejaa silikoni na foundesheni ikiwa ya maji, au kinyume chake, kwa kuwa tabaka la juu huteleza badala ya kushika. Jaribu kuchanganya tone la hiki na tone la kile nyuma ya mkono: vikitengana na kufanya mabonge, havitapatana usoni pia.

Dawa yake ni kusubiri na kubonyeza. Najua utaniambia dakika ni 10 tu, lakini kusubiri hakuhitaji kukaa mbele ya kioo. Nawa uso na upake krimu ya jua kabla ya kuvaa. Vaa, tengeneza nywele, kunywa chai, kisha ndipo urudi kwenye foundesheni. Kwa foundesheni yenyewe, chukua kiasi cha punje moja ya njegere, ukianzie katikati ya mashavu na paji la uso, kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa hadi isidondoshe tone. Bonyeza, inua, bonyeza, usivute. Pua na pembeni mwa mdomo vipate yale mabaki yaliyo kwenye sponji tu, kwa sababu ngozi ya hapo hukunjwa kila unapozungumza, unapocheka na unapokula, na tabaka nene likikunjwa mara nyingi lazima lipasuke. Binafsi naamini zaidi ya nusu ya malalamiko ninayoletewa kuhusu foundesheni mbovu ni malalamiko ya foundesheni nyingi.

Saa sita mchana, ukiona uso unang'aa, usikimbilie poda. Poda juu ya mafuta ni unga juu ya maji: unapata kinyunga, na kinyunga hicho ndicho kinachokusanyika kando ya pua. Kwanza bonyeza karatasi laini kwenye paji la uso na puani, uihesabie tatu, uitoe bila kusugua. Mara nyingi rangi hurejea karibu na ya asubuhi kwa sababu umeyaondoa yale mafuta yaliyoilowesha. Baada ya hapo, kama bado kuna haja, ndipo uguse poda.

Kila badiliko lijaribu kwa nusu uso. Upande wa kushoto fanya ulivyozoea, upande wa kulia badilisha jambo moja tu, uende nalo kazini (tofauti utakayoiona wewe kwenye kioo, wenzako hawataigundua). Saa sita jipige picha mbele ya dirisha lilelile, uandike mistari miwili kwenye daftari. Kwa njia hiyo siku moja inakupa jibu ambalo mwaka mzima wa kubadilisha chupa haukukupa, kwa sababu joto, jasho na usingizi wa jana ni vilevile kwa pande zote mbili.

Kuhusu wanja, sitakuchosha. Unashuka kwa sababu mafuta ya kope na machozi huuyeyusha, na kwa sababu krimu uliyopaka chini ya jicho haijakauka. Kausha hapo kwa karatasi, chora kwenye mstari wa nje wa kope, kisha upitishie juu yake rangi ya unga ya macho iliyo nyeusi au kahawia. Usiuweke kwenye ukingo wa ndani kila siku, maana hapo ndipo ilipo midomo ya tezi zinazotoa mafuta ya kulinda machozi. Maskara, kama unatumia, ibadilishe kila baada ya miezi 3, usiongeze maji ndani yake, na usiazimane na mtu. Wanja wa unga usiojulikana umetengenezwa na nini uepuke, kwa kuwa baadhi huwa na madini ya risasi.

Nimeviacha vipele mwisho kwa sababu ni suala la afya, na hapa shangazi yako ana nusu ya ukweli. Ngozi haivuti pumzi kupitia vitundu vyake. Oksijeni inayoihitaji huletewa hasa na damu, na ni tabaka jembamba sana la juu linalochukua kiasi kutoka hewani. Foundesheni haiikabi koo. Lakini ni kweli kwamba baadhi ya vipodozi husababisha chunusi, na hali hiyo ina jina lake katika tiba tangu mwaka 1972, madaktari Albert Kligman na Otto Mills walipoieleza: vipele vidogo vidogo, vingi, visivyouma sana, kwa wanawake watu wazima wanaotumia vipodozi kila siku. Chanzo ni kitundu cha kinyweleo kuzibwa na seli zilizokufa pamoja na mafuta, na kuziba huko huchukua wiki kadhaa kabla kipele hakijaonekana. Kwa hiyo, kwa kipele ulichokiona leo, usiitupie lawama chupa uliyoifungua juzi. Mwasho na wekundu unaotokea ndani ya saa chache au siku moja mbili ni jambo jingine: hapo ngozi imechubuliwa au imekataa kiungo fulani, na kitu hicho uache mara moja.

Maandishi ya kwenye chupa yasemayo haizibi vitundu vya ngozi yachukulie kama dokezo tu. Hayana kipimo kimoja kinachokubalika kila mahali, na orodha nyingi za viungo vinavyoziba zilianzia kwenye majaribio yaliyofanywa kwenye masikio ya sungura, ambayo si uso wa mtu. Kinachosaidia zaidi ni mambo mawili yasiyovutia. La kwanza ni kuondoa vipodozi usiku kwa hatua mbili, mafuta ya kusafishia au losheni ya kuondolea kwanza, kisha sabuni laini ya uso, bila kusugua. La pili ni sponji: inakaa na unyevu, mafuta na seli za ngozi, kila unachokihitaji ili kufuga vijidudu. Ioshe kwa sabuni kila baada ya kuitumia, uianike mahali penye hewa, usiirudishe mbichi kwenye mkoba. Vipele vyako viko kwenye taya na mashavuni, mahali hasa sponji inapobonyezwa zaidi, na pia mahali simu na mafuta ya nywele yanapogusa. Vyote vitatu nimewahi kuvikuta vikiwa wahusika.

Limau lisikaribie uso wako. Kiwango chake cha pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho kikishuka ukali huongezeka, kinakaribia 2, wakati uso wa ngozi uko karibu na 5, na kusugua ngozi yenye vipele kwa kitu kikali huongeza uvimbe, na uvimbe kwenye ngozi kama yako huweza kuacha doa. Isitoshe, maji ya limau na ndimu yana kemikali ambazo zikipigwa na jua juu ya ngozi zinaweza kuunguza na kuacha weusi wa miezi. Mwambie shangazi kwa heshima kwamba umemsikia kwenye suala la usafi.

Ile krimu isiyo na maandishi usiifungue. Krimu za namna hiyo zimewahi kukutwa na zebaki, haidrokwinoni (dawa ya kufifisha weusi wa ngozi) isiyopimwa, na steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) kali zilizochanganywa kimyakimya. Zebaki hupita kwenye ngozi na kudhuru figo na mishipa ya fahamu, na Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki uliopitishwa mwaka 2013, umeilenga, pamoja na mambo mengine, kwenye vipodozi. Steroidi hufanya uso ung'ae kwa wiki za kwanza, kisha ngozi ikawa nyembamba, yenye chunusi na wekundu, na kuiacha ghafla huweza kuufanya uso uwake kama moto. Kama ungekuwa umeshaitumia, ningekwambia uende kwa daktari wa ngozi wiki hiihii na kopo lake mkononi. Mwambie na rafiki yako hivyo, maana yeye huenda anaitumia.

Je, uache vipodozi kabisa? Unaweza kuacha foundesheni kwa wiki sita, ukabaki na krimu ya jua na losheni, na huo ni uchunguzi wa haki: vipele vikipungua umepata mshukiwa, visipopungua umeokoa pesa. Gharama yake ni kwamba utayatembeza madoa yako wazi, na si kila mtu ana moyo huo kazini. Njia ya katikati, ambayo ningeichagua mimi, ni kuacha foundesheni ya uso mzima na kuficha madoa peke yake. Doa jeusi chini ya foundesheni huonekana la kijivu. Gusa juu yake konsila yenye rangi ya chungwa iliyokolea kidogo, kwa ncha ya brashi, ukubwa wa doa lenyewe na si zaidi, kisha juu yake konsila ya rangi ya ngozi. Madoa yenyewe hufifia kwa miezi, si kwa siku, mradi jua halifiki na vipele vipya havitoki.

Daktari wa ngozi muone kama vipele havijapungua baada ya wiki nane za utaratibu huu, au vikiwa vikubwa, vyenye kuuma na kuacha mashimo, au ukiona mabaka ya kahawia yaliyolingana pande zote mbili za mashavu, ambayo kwa kawaida si alama za chunusi. Usisubiri hata siku moja ikiwa kope au midomo itavimba, au jicho litauma na kuona kwa ukungu. Na ukikosa pumzi baada ya kupaka kitu, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali. Kama una ujauzito au unaupangia, mwambie daktari kabla hajakuandikia dawa, kwa kuwa baadhi ya dawa za chunusi hazifai wakati huo. Siku ya kwenda, nenda uso ukiwa mtupu, na vipodozi vyako vyote viweke kwenye mfuko mmoja uvibebe, pamoja na sponji, mafuta ya nywele na lile kopo la rafiki yako.